Furushi Lisilofunguliwa

Dobi yeyote mwenye akili timamu huchambua nguo kabla ya kuzitia majini. Nyeupe huku, za rangi kule, na zenye damu peke yazo kwenye maji baridi, kwa sababu damu ikishaguswa na maji ya moto imehamia, haitoki tena. Mama Dobi alifundishwa hivyo na mama yake kabla hajajua kusoma. Lakini wapenzi wa mpira wakishaanza mambo yao, akili timamu huombwa ikasubiri nje.

Tawi la mashabiki wa Weupe lilikuwa na mwiko wake. Fulana za tawi zililetwa kufuliwa zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya shuka moja, na furushi lile halikutakiwa kufunguliwa mpaka liwe limelowa maji ya moto. Ukilifungua kavu, walisema, bahati inatoka. Nani aliyeanzisha upuuzi huo hakuna aliyejua. Ila waliufuata msimu mmoja wakashinda, na mtu akishinda siku aliyosimama kwa mguu mmoja, basi atasimama hivyo hivyo mpaka aingie kaburini.

Mwenyekiti wa tawi alilileta furushi mwenyewe, jioni ya kuamkia mechi kubwa na timu inayovaa rangi ya damu ya mzee. Alikuwa mtu mpole, mwenye duka la dawa pale mtaani, sauti yake ya chini chini mpaka umsogelee. Siku moja ya sikukuu aliwahi kufungua duka kwa ajili ya pumu ya Mapasi, mdogo wake Mama Dobi, na Mama Dobi hakuwa mtu wa kusahau wema.

"Lisifunguliwe, dada," alisema akilitua juu ya kaunta.

"Najua. Na yule wangu asiliguse."

"Hasa yule wako."

Walicheka wote wawili. Mapasi alikuwa shabiki wa Damu ya Mzee wa kufa na kuzikwa. Jina la Mapasi alilipata kwa sababu ya kazi yake ya kupiga pasi pale dukani, na mdomo wake ulikuwa na moto kuliko pasi yenyewe.

Asubuhi Mama Dobi alilitumbukiza furushi kwenye pipa la maji ya moto, akaliacha linywe, kisha akafungua fundo. Maji yalitoka ya waridi. Alivuta fulana ya kwanza, waridi. Ya pili hivyo hivyo. Alizivuta zote kwa pupa, akizitupa juu ya sakafu ya saruji, mpaka mkono ukafika katikati ya furushi na kukamata kitu kizito kuliko fulana za tawi. Ilikuwa fulana ya Damu ya Mzee. Ilikuwa imechanwa mgongoni kutoka kola hadi pindo, na kifuani ilikuwa na doa ambalo dobi hahitaji kuambiwa ni la nini.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baada ya mechi iliyopita, kijana mmoja aliokotwa nyuma ya ukuta wa uwanja, kifua wazi, na mpaka siku ile alikuwa kitandani hospitali, hasemi. Ilisemwa alipigwa na umati. Umati huo haukuwa na jina wala mama wala nyumba ya kulala, na polisi walipoutafuta hawakuupata. Na sasa fulana yake, au ya mwingine kama yeye, ilikuwa imelala kwenye pipa la Mama Dobi.

Aliogopa. Aliificha fulana ile kwenye ndoo chini ya kifuniko, akaanza kuzihangaikia zile nyingine: dawa ya kung'arisha, sabuni, chumvi, maji mapya. Zilibaki waridi kama midomo ya mtoto aliyelamba pipi. Alizitundika kambani akiwa hajui la kufanya.

Mapasi alitokea uani akipiga miayo. Aliziona zile fulana, akashika kiuno, akacheka mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama Dobi alikuwa bado anafungua mdomo kumweleza, na tayari simu ilikuwa imenyanyuliwa juu, picha imepigwa, imetumwa kwa wenzake na maneno yake: Weupe wameona haya kabla hata mpira haujaanza.

"Futa hiyo!"

"Utani tu, dada. Mpira bila utani si afadhali kuangalia nyasi zikiota?"

"Nimesema futa!"

"Nimefuta." Alimwonyesha. Lakini wenzake walikuwa na wenzao, na hao wana wengine, na utani ulikuwa umeshavuka barabara.

Fundi viatu alipitia lango la nyuma na kopo lake, kama kila asubuhi, kuchota maji ya kulowekea ngozi. Kibanda chake kilikuwa kona ya mtaa, na hakukuwa na bomba. Mikono yake ilikuwa na rangi mpaka ndani ya kucha, nyeusi, kahawia, nyekundu ya kuiva, kwa sababu kazi yake nusu ilikuwa kushona na nusu kufufua rangi za viatu vilivyozeeka. Mpira hakuujua. Aliwahi kuuliza kwa nini wale watu ishirini na wawili wasipewe kila mmoja mpira wake.

"Mke mdogo," alimwita Mama Dobi, maana huo ndio ulikuwa utani wao wa miaka yote, na mkewe halisi aliujua na kuuchochea. "Leo umefua au umepika sharubati?"

"Nenda zako, mimi sina hata nguvu ya kukujibu."

"Kiatu chako nakipigilia leo hii. Ile soli imenigomea. Sitaki watu waseme nimeoa mwanamke nikamwacha atembee peku."

Aliondoka akicheka peke yake. Muda si mrefu nyundo yake ikaanza kusikika kutoka kona, ko, ko, ko, na Mama Dobi, kwa jinsi alivyokuwa na hofu, alishukuru kusikia mtu mmoja bado anafanya kazi ya kawaida.

Kisha yakaja matarumbeta.

Siku ya mechi matarumbeta hupita kila saa, lakini haya hayakupita. Yalikuja, yakasimama. Mama Dobi alisikia milango ya mtaa mzima ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, na sauti ya jirani ikimwita mtoto aingie ndani upesi. Jiwe likatua juu ya bati. Alikimbilia uani, akafunga lango la nyuma kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Akarudi dukani, akasukuma komeo la mlango wa mbele, akamshika Mapasi shingoni kama alivyokuwa akimshika utotoni na kumsukumia chini ya meza ya pasi. Kitambaa cha meza ile kilifika chini. Akamrundikia mashuka.

"Dada, mimi sikufua. Mimi hata sikugusa."

"Picha ulipiga wewe. Nyamaza."

Nje walikuwa wanaimba. Mama Dobi aliujua wimbo ule, ulikuwa mzuri, wanawake huutumia kubembelezea watoto. Siku hiyo waliubadilisha maneno, wakaweka jina la Mapasi.

Mlango uligongwa taratibu. "Dada, ni mimi. Nifungulie niingie peke yangu."

Alimjua kwa ile sauti ya chini. Alifungua kiasi cha mtu kupita ubavu. Nyuma ya Mwenyekiti aliona nyuso, nyuso za watu aliowafulia mashuka ya harusi, na hakuna hata mmoja aliyemtazama kama anamjua. Akarudisha komeo haraka.

"Kijana yuko wapi?"

"Hayupo."

Chini ya meza kifua kikapiga filimbi. Mama Dobi alikohoa ili kuifunika, lakini aliyempa kijana dawa za pumu ni Mwenyekiti, na filimbi ile aliijua. Aliitazama meza, akatazama pembeni.

"Dada, wale nje si watu wa kuambiwa hayupo. Niruhusu nitoke naye. Nitamshika mkono mimi mwenyewe. Watamzomea, watamtukana, basi."

"Na wasiporidhika na matusi?"

Mama Dobi alikwenda uani, akarudi na ndoo. Aliinua ile fulana kwa vidole viwili, maji yakimchuruzikia miguuni.

"Hii ndiyo iliyotoa rangi. Ilikuwa katikati ya furushi. Furushi uliliweka hapa wewe, ukaniambia lisifunguliwe."

Mwenyekiti alinyoosha mkono, kisha akaurudisha kama aliyeunguzwa. Alikaa kwenye benchi la wateja.

"Niliwaambia waichome," alisema. "Walikuwa wameitundika ofisini, kwenye tawi, kama kombe. Nikasema jamani ichomeni. Wakasema wataiondoa. Sikujua wameificha humo."

"Wao nani?"

"Wenyewe."

"Wana majina?"

"Dada, mimi huanzisha nyimbo tu."

"Basi nenda kaanzishe nyingine. Waambie rangi imetoka kwao wenyewe."

"Nikisema hivyo watauliza hii ni fulana ya nani. Wengi waliokuwepo siku ile wapo hapo nje." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye ncha ya pua. "Wataniua mimi, dada. Unadhani wananifuata? Mimi ndiye ninayekimbia mbele yao."

Jiwe jingine likatua juu, kubwa zaidi, na unga wa kutu ukamwagika juu ya mashati yaliyokwisha pigwa pasi. Mama Dobi alipiga magoti. Ndiyo, alimpigia magoti mwenye duka la dawa, na hakuona haya.

"Nina huyu mmoja tu. Mama aliponiachia mtoto huyu, alikuwa bado hajaota meno. Fanya unavyojua, baba. Unavyojua wewe."

Mwenyekiti alijifuta uso kwa kiganja, akasimama, akatoka. Mama Dobi aliegemeza sikio kwenye mlango.

Makelele yalipungua. Sauti ya Mwenyekiti ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya uwanjani. Alisema dobi ni mama yetu, hana kosa. Alisema kijana hayumo ndani, amehakikisha kwa macho yake.

"Basi nani?" mtu akauliza.

"Ndiyo, nani?" wakadakia wengi.

Umati ule wote ukangoja, na kwa kuwa ulikuwa kimya, kilisikika kitu kimoja tu mtaani. Ko, ko, ko.

"Mimi sitaji mtu," alisema Mwenyekiti. "Mimi nauliza tu. Ni nani anayeingia uani kwa dobi kila asubuhi na kopo? Leo nimemwona kutokea dukani kwangu. Ni nani mtaa huu ana rangi ya damu ya mzee mpaka kwenye kucha?"

Jambo la kwanza ambalo Mama Dobi alilihisi lilikuwa nafuu. Ni vizuri lisemwe. Aliteleza chini, mgongo ukiwa mlangoni, akasema moyoni asante. La pili, fundi viatu, lilikuja baadaye kidogo. Nyayo zilikuwa zimeshaanza kuondoka, nyingi, bila wimbo.

Mapasi alitoka chini ya mashuka, uso umemvimba, pumzi zikikwaruza.

"Dada, umesikia? Wanakwenda kwa fundi. Nipe ufunguo wa nyuma."

"Haupo."

"Wao wanazunguka na barabara. Mimi nikipita uchochoroni namfikia kwanza. Namvuta, tunaingia kwa seremala. Dada, nyundo bado inalia, hajui! Nipe ufunguo!"

"Wakikuona?"

"Wakiniona wataniona."

"Nakwambia haupo!"

Mapasi alimrukia kifuani kuutafuta, dada yake akampiga kofi, na kofi la Mama Dobi lilikuwa la mtu aliyekamua mablanketi maisha yake yote. Kijana alipepesuka. Alikimbilia uani akauparamia ukuta, lakini juu ulikuwa na vipande vya chupa, na pumzi hazikumtosha hata kunyanyua mguu. Akashika lango akalitikisa.

"Piga kelele basi! Wewe una sauti, dada, mwite! Mwite tu, atakusikia!"

Ni kweli sauti alikuwa nayo. Akimwita muuza mkaa, anasikika hadi kona ya pili. Lakini sauti ingewaambia wale wengine kwamba ndani kuna mtu wa kumtetea fundi, na wangegeuka. Mapasi alipofungua kinywa kuita mwenyewe, dada yake alimziba mdomo kwa mkono uliokuwa bado na povu la sabuni, akambana kichwa kifuani, juu ya ufunguo. Alihisi meno. Hakuachia.

Nyundo iliendelea. Ko, ko. Ikakaa kidogo, kama mtu aliyeinua kichwa kuona nani amekuja. Ko, moja tu. Halafu basi.

Mechi ilichezwa. Weupe walikwenda uwanjani na fulana zao za waridi, wakatunga wimbo kuhusu rangi hiyo, na watu wa mbali waliousikia walisema hawa jamaa wana utani mzuri. Fundi viatu alifia hospitali kabla wiki haijaisha. Mazikoni Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kushika jeneza, na alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Polisi walipita nyumba kwa nyumba. Seremala alisema ni umati. Muuza mkaa alisema ni umati. Mama Dobi alisema alikuwa ndani amefunga, hakuona kitu, na hilo halikuwa uongo. Kilichobaki ni kwamba kila jioni, matarumbeta yakipita, alikuwa akiacha anachofanya na kuangalia kama komeo limeingia sawasawa.

Mapasi aliendelea kupiga pasi. Mdomo wake ule ulikuwa umezimika. Alikula alichopewa, alilala alipoonyeshwa, na dada yake akajiambia yatapita, muhimu anapumua. Usiku aliamka kusikiliza kama anapumua.

Mke wa fundi alikuja siku ya kazi, mchana, wateja hawapo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi zilizopauka kwapani. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kiatu cha Mama Dobi, cha kulia. Soli ilikuwa imeshikwa imara, misumari midogo imejipanga pembeni.

"Mke mwenzangu," alisema, na safari hii hakutabasamu kusema hivyo. "Nimekikuta kibandani, kimevalishwa kwenye kalibu, kile chuma chake cha umbo la mguu. Ndicho alichokuwa anapigilia. Umebaki msumari mmoja tu, huu hapa kisiginoni umeingia nusu."

Mama Dobi alikipokea kwa mikono miwili.

"Nimezunguka mtaa mzima," mjane akaendelea. "Kila mtu alikuwa ndani. Sawa. Sikuja kugombana. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Watu walisimama hapa kwako kwanza, hapa mlangoni, ndipo wakaenda kwake. Mume wangu mpira haujui. Nani aliwaambia ni yeye?"

Pasi ilikuwa inatoa mvuke. Mama Dobi aliona midomo yake ikifunguka, akasikia neno lile lile la mtaa mzima likitoka.

"Ni umati, mama. Umati hauna—"

"Siyo umati," alisema Mapasi.

Alikuwa ameisimamisha pasi kisigino chini, kama alivyofundishwa. Alizungumza akiangalia meza. Alisema alipiga picha akaituma, kwa kutaka kuchekesha. Alisema Mwenyekiti aliingia humu akaketi kwenye benchi hilo, akaonyeshwa fulana, akatoka akauliza maswali mawili mbele ya watu. Alisema jinsi alivyotaka kupita uchochoroni. Pumzi zilimkatika, akazingoja, akaendelea.

"Umati haukufunga lango, mama. Ufunguo anao dada."

Mama Dobi alimtazama mdogo wake, yule aliyemfundisha kutembea kwa kumshikisha ukingo wa beseni, na alitamani kumpiga kofi jingine, na alitamani kumziba mdomo. Aliangalia mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Yeyote aliyepita angeweza kusikia, na kufika jioni Mwenyekiti angekuwa ameambiwa, na wale wengine wasio na majina pia.

Mjane hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, palepale alipoketi Mwenyekiti, akauliza kitu kingine kabisa.

"Hiyo fulana iko wapi?"

Mbali, kuelekea uwanjani, mtu alikuwa akijaribu tarumbeta, noti moja, akirudia. Mapasi alikuwa amejishika kifua.

"Nimeuliza fulana iko wapi, mke mwenzangu. Mimi mwenyewe nitakwenda nayo polisi. Wewe hutatoka."

Mama Dobi aliweka kiatu kaunta. Akaingiza mkono kifuani, akautoa ufunguo, ambao tangu siku ile alikuwa akilala nao, akauweka kando ya kiatu. Kisha akaenda uani peku. Walimsikia akisogeza pipa. Alirudi na ndoo, akaondoa kifuniko, akaitandaza fulana juu ya meza ya pasi mbele ya mjane, mgongo uliochanika chini, kifua juu.

Hakuwa ameifua tena tangu siku ile. Lakini hata kama angetaka, doa lile lisingetoka. Lilikuwa limeshaguswa na maji ya moto.